Ishirini na Nne: Hesabu Isiyomsahau Mjane

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ramadhani ni mwezi wa hesabu. Tunahesabu siku 29 au 30, tunahesabu juzuu tulizosoma, mwenye mali anatoa moja katika arubaini, na dakika za kungojea adhana ya Magharibi hakuna asiyezihesabu! Lakini iko hesabu moja ambayo nyumba nyingi za Waislamu hapa kwetu Nyamira na Kisii zinaikwepa, nayo ni hesabu ya mali ya aliyekufa. Mzee amezikwa, matanga yamekwisha, majani chai yanaendelea kuchumwa, bonasi inaingia, na mjane anaambiwa angoje. Angoje nini? Makala haya yataifuata nambari moja tu, 24, tuone ilikotoka, ina siri gani kihesabu, na ilifikaje huku milimani.

Tuanze Madina. Vita vya Uhud vilipiganwa mwaka wa 3 Hijria, yaani 625 Miladia, na Waislamu wapatao sabini wakauawa. Mmoja wao alikuwa Sa'd bin Rabi' (R.A.), yule Answari aliyeunganishwa undugu na Abdurrahman bin Auf, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Mtu karimu kiasi hicho, lakini alipokufa ndugu yake alikuja akachukua kila kitu. Ndiyo iliyokuwa desturi ya Waarabu kabla ya Uislamu: wa kurithi ni mwanamume awezaye kushika silaha. Mwanamke na mtoto mdogo hawana chao.

Mjane wa Sa'd hakunyamaza. Amepokea Jabir bin Abdillah (R.A.), katika Hadithi iliyomo kwa Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mama huyu alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) na mabinti zake wawili. Akaeleza kwamba baba yao ameuawa Uhud, kwamba ami yao amechukua mali yote, na kwamba wasichana hawa hawataolewa bila ya kitu. Mtume (S.A.W.) akamjibu kwamba Allah atalihukumu jambo hilo. Ndipo zikashuka aya za mirathi za Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mtume (S.A.W.) akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili, ampe mama yao thumni, na kitakachobaki ndicho chake.

Sasa chukua kalamu. Thuluthi mbili ni sehemu mbili kati ya tatu. Thumni ni sehemu moja ya nane (na sisi Wakenya tuliokuwa tukiita senti hamsini "thumni" tulikuwa tukilitumia neno la mirathi bila kujua). Utazijumlishaje tatu na nane? Ukigawa mali mafungu 8, huwezi kutoa thuluthi mbili bila ya kuvunja fungu. Ukigawa mafungu 3, thumni haitoki. Nambari ndogo kabisa ambayo 3 na 8 zote zinaingia bila ya baki ni 24. Basi mali ya Sa'd ni mafungu 24: mabinti 16, yaani 8 kila mmoja, mjane 3, ami 5. Yule ami aliyekuwa ameshika yote 24 ilimbidi arudishe 19.

Na kwa kuwa tumeigusa 19, neno dogo kwa vijana. Katika miaka ya 1970, Rashad Khalifa, Mmisri aliyeishi Marekani, alidai kwa kutumia kompyuta kwamba Qur'ani nzima imejengwa juu ya 19. Wengi walivutiwa. Hesabu zilipokataa, akazikana aya mbili za mwisho za Suratut Tawba ili zikubali, na baadaye akadai kuwa yeye ni mjumbe wa Mungu. Wanazuoni walimkataa, na haki walifanya. Mtu akitaka muujiza wa nambari ndani ya Qur'ani, mimi nitamwelekeza kwenye hii 24, ambayo haihitaji kompyuta na inalisha mayatima.

Nambari yenyewe

Qur'ani imetaja mafungu sita tu katika mirathi: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Yajaribu yote katika 24. Nusu ni 12, robo 6, thumni 3, thuluthi mbili 16, thuluthi 8, sudusi 4. Hakuna hata moja lililovunjika. Jaribu 20 uone: robo ni 5, sawa, lakini thumni ni mbili na nusu na thuluthi haina mwisho. 25 ndiyo mbaya zaidi, maana inagawika kwa 5 tu. Chini ya 24 hakuna nambari inayoyabeba mafungu yote sita, hata ukitafuta mpaka daku.

Wanazuoni wa faraidhi wanasema mas-ala yote ya mirathi yenye mafungu maalumu yanaanzia katika asili saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. (Wanazuoni wa Kishafii wa baadaye wameongeza 18 na 36 katika mas-ala ya babu akiwa pamoja na ndugu; hayo tuwaachie wenyewe.) Sasa muulize mtoto wa darasa la sita akuorodheshee nambari zote zinazoigawa 24 bila ya baki. Atakuandikia 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12, 24. Iondoe ile 1, ambayo inaigawa kila nambari, na mbele yako umebaki na asili saba za faraidhi, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Kwa hiyo 24 ndiyo mama, na zile sita nyingine zote zimo tumboni mwake.

Walimu wa hesabu nao wana mapenzi yao na nambari hii. Chukua namba tasa yoyote kuanzia 5, yaani nambari isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Izidishe kwa yenyewe, kisha utoe 1. Jibu litagawika kwa 24 kila mara. 5 mara 5 ni 25, toa 1, ni 24. 7 mara 7 ni 49, toa 1, ni 48, yaani 24 mbili. 13 mara 13 ni 169, toa 1, ni 168, yaani 24 saba. Kwa nini? Kwa sababu hesabu hiyo ni sawa na kuzidisha jirani wawili wa ile namba tasa, wa kushoto na wa kulia. Majirani hao wote ni shufwa, na mmoja wao lazima agawike kwa 4, kwa hiyo wakizidishana 8 imo ndani. Tena katika nambari tatu zinazofuatana moja lazima igawike kwa 3, na si ile tasa, basi ni jirani mmojawapo. 8 na 3! Ni zile zile mbili zilizokutana katika mali ya Sa'd bin Rabi'. Na anayependa makubwa zaidi ajumlishe 1 mara 1, 2 mara 2, 3 mara 3, aendelee mpaka 24 mara 24: atapata 4,900, ambayo ni 70 mara 70. Ukiiacha 1 yenyewe, hakuna nambari nyingine ya kusimamia itakayokupa jibu la namna hiyo. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1918 na G. N. Watson wa Uingereza.

Lakini linalonigusa mimi ni jambo jingine. Ili asili ya mas-ala iwe 24, lazima thumni iwepo pamoja na sudusi au thuluthi mbili. Na thumni katika Qur'ani ina mwenyewe mmoja tu: mke ambaye mumewe amekufa akaacha watoto (au watoto wa mwanawe wa kiume). Hakuna mrithi mwingine apataye thumni. Baba hapati, mume hapati, dada hapati. Maana yake ni kwamba kila kadhi, tangu Madina mpaka Lamu, alipoandika 24 juu ya karatasi yake, alijua kabla ya kusoma jina lolote kwamba aliyekufa ni mwanamume, kwamba ana kizazi, na kwamba mjane yuko hai anangoja fungu lake. Mjane huyu humtoi katika hesabu. Ukimtoa, 24 yenyewe inavunjika, na ulichobaki nacho ni hesabu ya maiti mwingine.

Mafungu yanapozidi mali

Wako wanaouliza: je, mafungu yakizidi mali itakuwaje? Swali hili halikungoja wakosoaji wa leo, lilimfikia Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) zama za ukhalifa wake. Mwanamke alikufa akaacha mume na dada wawili. Mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili. Katika mafungu 6, huyu anataka 3 na wale wanataka 4: jumla 7. Umar alishauriana na Maswahaba, wakaafikiana kwamba mali igawanywe mafungu 7 badala ya 6, ili upungufu umguse kila mtu kwa kadiri yake, kama wanavyofanya wadai ambao mali ya mdaiwa haiwatoshi. Hii ndiyo inayoitwa auli. Ibn Abbas (R.A.) baadaye aliipinga, na ndugu zetu Mashia mpaka leo hawaikubali, lakini madhehebu manne yote yameishika.

Nayo 24 ina auli moja tu, inapanda hadi 27 basi. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa juu ya mimbari akihutubia, akaulizwa kuhusu mtu aliyekufa akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisha: 27. Bila ya kushuka wala kukatisha hotuba yake, Ali akajibu kwamba thumni ya mwanamke huyo imekuwa tusui, yaani sehemu moja ya tisa, kisha akaendelea. Mas-ala hayo yakaitwa Minbariyya, ya mimbari. Hakika 3 katika 27 ni moja katika tisa. Hebu fikiria kasi ya akili hiyo, sisi wengine tungeomba kikokotoo.

Tuiweke kwa shilingi. Mali ni shilingi 540,000. Ukigawa kwa 27, kila fungu ni 20,000. Mke anapata 60,000, mabinti 320,000, yaani 160,000 kila mmoja, baba 80,000 na mama 80,000. Kama mke angepata thumni kamili ingekuwa 67,500, kwa hiyo amepungukiwa 7,500. Lakini angalia, na wengine wote wamepungukiwa sehemu moja ya tisa ya haki zao. Hakuna aliyesukumwa nje ili mwingine ashibe. Na kama binti angekuwa mmoja? Hapo binti ana 12, mke 3, baba 4, mama 4, jumla 23. Fungu moja lililobaki anachukua baba kwa asaba. Ndiyo maana wanazuoni wakasema 24 haina auli nyingine: ama mafungu yanatosha, ama yanafika 27.

Elimu hii ilizaa nyingine. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr mjini Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala 813 hadi 833 Miladia. Algebra inayowatoa jasho wanafunzi wetu imepata jina lake hapo. Karibu nusu ya kitabu hicho ni mas-ala ya wasia na mirathi. Tusitie chumvi, kama wengine wanavyopenda, tukasema algebra imetokana na mirathi peke yake, maana Wababeli na Wahindi walikuwa na hesabu zao kabla. Lakini al-Khwarizmi mwenyewe ameitaja mirathi miongoni mwa mahitaji ya watu yaliyomfanya aandike. Huko Misri nako eka yao, feddan, imegawanywa qirat 24, na neno hilo hilo ndilo tunalolisikia kwa sonara akitaja dhahabu ya karati 24.

Kuja kwetu

Pwani ya Afrika Mashariki ilizipokea hesabu hizi pamoja na madhehebu ya Shafii. Makadhi walihukumu kwa Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki 676 Hijria (1277), na katika miaka ya 1920 Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhriy, kadhi wa Tanga, aliiandika elimu ya mirathi kwa Kiswahili. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiingereza na P. E. Mitchell, ofisa wa serikali ya Tanganyika ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Kenya kuanzia 1944 hadi 1952. Kwa hiyo mkoloni mwenyewe ilimbidi akae aisome 24.

Huku Gusii Uislamu uliingia kwa njia nyingine, na wanajeshi wa Kinubi ambao kizazi chao kingali Kisii mjini, na wafanyabiashara wa Kiswahili, Kisomali na Kihindi. Kisha wenyeji wakasilimu, mmoja mmoja, mara nyingi kijana peke yake katika boma la Wasabato au Wakatoliki. Mswala umefika, lakini ardhi imebaki kwa wazee wa ukoo. Kwa desturi ya Abagusii shamba linagawanywa kwa nyumba, yaani kila mke na wanawe, na binti hapewi ardhi kwa sababu ataolewa.

Sheria ya Kenya inasemaje? Sheria ya Urithi ilipitishwa 1972 ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na Waislamu walilalamika kwamba imewavua sheria yao. Mwaka 1990 ikarekebishwa: Mwislamu akifa, mali yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya 2010 ikazitambua Mahakama za Kadhi katika ibara ya 170, kwa wale ambao wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Na kifungu kinachoruhusu mirathi ya Kiislamu iende kwa utaratibu wake ni ibara ya 24, sehemu ya 4. Nambari ni hiyo hiyo! Ni sadfa tu, tusije tukaanza mambo ya Rashad Khalifa.

Sasa mambo ya nyumbani. Kwanza, ndugu aliyesilimu na wazazi wake si Waislamu. Kwa Hadithi ya Usama bin Zaid (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu hawarithiani. Je, mama aliyekuzaa Ekerenyo, akakusomesha kwa pesa za majani chai, aondoke mikono mitupu? Hapa ndipo wasia unapoingia. Mtume (S.A.W.) alimruhusu Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) kuusia mpaka thuluthi, akamwambia kwamba hata thuluthi ni nyingi. Thuluthi ya 24 ni 8. Ukishalipwa mazishi na madeni yako, unaweza kuwa umeandika kwamba wazazi wako wasiokuwa Waislamu wapewe hadi mafungu 8. Yatabaki 16. Mke wako Mwislamu atachukua thumni ya hayo, ambayo ni 2, na watoto 14. Mke ambaye hajasilimu naye harithi, na njia yake ni hiyo hiyo ya wasia, ndani ya thuluthi hiyo hiyo. Lakini wasia usipoandikwa ukashuhudiwa, hakuna atakayekuandikia ukiwa kaburini.

Pili, udogo wa ardhi. Watu husema ekari moja huwezi kuikata mara 24. Ekari ina futi za mraba 43,560. Thumni yake, yale mafungu 3 ya mjane, ni 5,445. Ploti ya hamsini kwa mia, ambayo watu Nyamira mjini na Keroka wanaikimbilia, ni 5,000. Basi "kidogo" cha mjane ni ploti nzima na ziada! Tena sharia haikulazimisha kukata udongo. Warithi wakiridhiana, shamba laweza kubaki moja na bonasi ikagawanywa kwa mafungu, au mmoja akawalipa wenzake haki zao na shamba likabaki kwake. Kinachotakiwa ni kila mmoja ajue ana ngapi kabla ya kuridhia, maana huwezi kusamehe usichokijua.

Tatu, wake wawili. Hapa ndipo desturi na sharia zinapopishana hasa. Tuchukue mzee Mwislamu aliyekufa akaacha baba na mama, wote Waislamu, na wake wawili. Mke mkubwa ana mvulana mmoja na msichana mmoja. Mke mdogo ana wavulana wanne na wasichana wawili. Ukoo utasema: nyumba mbili, shamba mara mbili, kwisha. Faraidhi inaanza na 24: wake 3, baba 4, mama 4, watoto 13. Wake wawili hawawezi kugawana 3 bila ya kuvunja, kwa hiyo tunazidisha yote kwa 2, tunapata 48. Wake 6, yaani 3 kila mmoja. Baba 8, mama 8. Watoto 26: kila mvulana 4, kila msichana 2. Nyumba ya mke mkubwa jumla yake ni 9, ya mke mdogo 23, kwa sababu wanaohesabiwa ni watoto wenyewe, wala haitazamwi wametoka mlango gani. Lakini wake wenyewe wako sawasawa, 3 kwa 3, mwenye watoto wawili na mwenye sita. Wallahu a'lam.